Kabla Jino Halijang'oka

...na mdomo huu si wangu tena, upande wa kushoto umekwenda zake umeniachia nyama nene ya mtu mwingine, nikiugusa kwa kidole, kidole kinausikia mdomo lakini mdomo haukisikii kidole, dakika kumi, kasema, tulia dakika kumi mama, ganzi ishike, usijing'ate, kisha akakilaza kiti nikabaki naitazama dari ya chumba hiki cha meno cha Kasulu kama maiti anayengoja kuoshwa, astaghfirullah, maneno gani hayo Siti, umekuja kung'oa gego moja bovu la chini na sijapata kusikia mtu aliyezikwa kwa gego, isipokuwa si gego ninaloliogopa, gego ni kisingizio, hilo tunalijua wawili tu, mimi na aliyeniumba, mtoto wa watu huyu hajui kitu, kaniuliza kwa adabu zote, kalamu iko juu ya karatasi, "Na chakula mama, kinashuka vizuri? Hakikwami mahali?" nami bila kupepesa jicho nikamjibu, "Kinashuka tu mwanangu, hata mawe yatashuka," nikacheka, akacheka kidogo, akaandika, na pale alipouandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto, maana kuna watu wa kudanganywa, mimi nawadanganya kila siku, maziwa ni freshi, maandazi ni ya leo, lakini huyu si wa kudanganywa, Tabibu Generoza, nimelisikia jina lake mwaka mzima nikimimina chai hotelini kwangu Kibondo, abiria wanaotoka Kasulu wanamtaja, yule binti wa Nyakitonto, mfupi, mwembamba, anapanda juu ya kibao ndipo aufikie mdomo wako, na haumizi, nikasema hao ni abiria, abiria ni waongo kuliko hata makonda, lakini leo nimemwona kwa macho yangu, kibao kweli anapanda, na sindano hakuificha mgongoni kama wanavyotufichaga, kaileta mbele ya uso wangu akasema, mama, hii ndiyo sindano yenyewe, itauma kama siafu mmoja, halafu basi, naomba ruhusa, naomba ruhusa! miaka hamsini na sita hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kuniomba mimi ruhusa, na ikauma kama siafu mmoja, si wawili, mmoja kama alivyoahidi, na mate yaliponitoka akanifuta kidevu bila kukunja uso, kama mama anavyomfuta mwanawe, mimi niliye sawa na mama yake... na kibaya ni kwamba kazi yake nimeshaiona inavyokwenda, nilikuwa mlangoni alipokuwa anammalizia mwalimu aliyenitangulia, jino likitoka tu anakujazia pamba, ng'ata nusu saa, usiseme, usiteme, nenda nyumbani, nami nitang'ata, nitatii kuliko nilivyopata kutii, nitapanda gari la Kibondo mdomo umefungwa kwa amri ya tabibu, uongo wangu utabaki hapa ndani ya faili, na Jumamosi nitakwenda kule mpakani kwa mkata kimio, nimeshaagizia, ananingoja, ndivyo nilivyopanga, jino leo, kimio Jumamosi, na hakuna atakayejua, mkwe wangu Asmahani nimemwambia nakwenda Kasulu kutazama vitenge, vitenge vya nini, na kanga moja siku hizi inanizunguka mara mbili.

Ilianza mwezi wa mfungo, magharibi, nimefuturu kwa tende na uji, nimeshukuru, kisha tonge la kwanza la ugali wa muhogo likafika hapa katikati ya kifua likasimama, halirudi, haliendi, nikanywa maji, maji nayo yakasimama juu yake, nikatoka nje kama mtu aliyekumbuka nguo kwenye kamba, nikainama nyuma ya choo mpaka likapita, nikasema nimekula kwa pupa, mwenye njaa hana adabu, wiki iliyofuata ikawa nyama, kisha ikawa chapati, chapati ya mkono wangu mwenyewe ambayo watu wanashuka kwenye basi kuifuata, sasa ni uji, supu, na mchuzi wa migebuka bila samaki wenyewe, nakula jikoni nimewapa watu mgongo, na wateja wananisifu, umependeza Mama Ridhiwani, umepungua, tupe siri, na mimi ndiye ninayewaambia wenzangu wakificha ugonjwa, mficha maradhi kifo humuumbua, nawaambia huku nawasukumia glasi, hekima yote naigawa kwa wateja, kwangu haibaki hata ya kuonja... na njia hii naijua, ndiyo balaa lenyewe, naijua kila kona, dada yangu Mwanaheri aliipita mbele ya macho yangu miaka saba iliyopita, hoteli ile tuliifungua sisi wawili, yeye chai, mimi chapati, na tulikuwa na mashindano yetu, wateja mashahidi, chai inatoka motoni sasa hivi, glasi mbili, nani ataimaliza kabla mvuke haujakatika, Mwanaheri alinishinda siku zote, aliimimina kooni kama anajaza mtungi, kisha anaigeuza glasi juu chini mezani, anasema chai ikipoa ni maji ya kunawia, watu wanapiga meza, na mimi nilimwonea wivu koo lile, nilijizoeza kwa siri mpaka nami nikaweza, na hata alipokufa niliendelea, chai ya Mama Ridhiwani haipulizwi, wanasema hivyo Kibondo nzima, na nilikuwa naona ni sifa... meno yake yalikuwa yanamtoka moja moja, tunacheka, leo nimeagana na jingine, anasema, fizi zikitoka damu anatemea kwenye majivu, damu imezidi mwilini hiyo, na harufu tuliitibu kwa karafuu, sote wawili, karafuu moja shavuni asubuhi, nyingine adhuhuri, babu yetu aliyetoka pwani akaja kufungua duka Ujiji alikuwa na mswaki wake wa mti ndani ya mfuko wa kanzu, haendi kwenye swala kabla hajaupitisha, na sisi wajukuu tukaurithi msala tukauacha mswaki, alfajiri moto unangoja, unga unangoja, nani ana nafasi ya meno, la kuvunda halina ubani, wanasema, sisi tukazidi kulifukiza, mpaka leo huyu binti alipoinama juu yangu, akanusa mara moja tu, hakusema unanuka, mwingine angesema unanuka, yeye kasema, "Karafuu inanukia vizuri mama, lakini inanifichia mimi. Uiteme kidogo niuone mdomo wenyewe," nikaitema kwenye kikombe chake cha karatasi kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Na chakula kilipoanza kumkwama Mwanaheri tulisema kimio, nani hakusema kimio, majirani, mashemeji, sheria ya nchi hii ni hiyo, mtoto akikohoa kimio, mtu mzima akishindwa kumeza kimio, kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya ulimi kamerefuka, kanaziba, kakatwe, nami ndiye niliyempeleka, si mumewe, mimi, na kichwa nilimshika mimi kwa mikono hii, beseni la bluu mapajani, yule bwana akakata kwa kisu chake akasema siku saba huyu anakula nyama, hakusema labda, hakusema pengine, siku saba! na siku saba zilipopita tukarudi akakata mzizi uliobaki, kasema ulikuwa mkaidi, na Mwanaheri akafa na njaa, mwenye hoteli akafa na njaa, sufuria tatu za pilau ziko jikoni kwake, na waliokuja matangani nikawaambia kimio kiliota tena, wakaitikia, Mungu amrehemu, kimio kibaya... sasa Siti, uliyaona yote yale kwa macho yako, Jumamosi unafuata nini kule, nafuata jibu, kweli nafuata jibu, yule bwana ana jibu hata kabla sijaketi, na kikiitwa kimio kinakatika, kinawekwa kwenye jani nakiona, kimeisha, lakini kikiitwa lile jina lingine ni nani atakikata, watanipeleka Mwanza, watauza nini, Ridhiwani atalia, Asmahani ataanza kunipikia uji kwa huruma, na huruma ya mkwe mimi siiwezi, mimi ni mtu wa kuhurumia wengine, sijazoea kukaa upande huu wa meza.

Nyuma ya pazia ameshaanza na mwingine, hapotezi muda huyu, ganzi yangu ikishika yeye anatazama mdomo wa pili, nasikia glavu zinavuliwa, chwap, chwap, anavua za nini wakati kazi ndiyo inaanza, kisha nasikia makofi, yale makofi laini ya Kiha ya kumsalimia mkubwa, mikono mitupu, taratibu, "Amahoro, data," amani, baba, na sauti ya mzee imekauka kama ganda la mgomba, "Amahoro, mwana wanje," "Kijijini Munanila hawajambo?" "Hawajambo." "Migomba?" "Ipo." "Mmelala wapi?" "Kwa shemeji, hapa Kasulu," na makofi bado yanaendelea, mimi huwacheka Waha kwa salamu zao, ukizingoja chai inapoa, nimewacheka miaka thelathini, na leo namsikia msomi mzima anavua glavu ili ampigie makofi mzee wa migombani, na mzee namsikia anavyolegea, pumzi yake inashuka, kumbe ndiyo dawa ya kwanza hiyo, kabla ya sindano, na mimi sikuwa naijua... "Mzee Tharsisi, naambiwa ni jino," na mwanamke anaingilia, mkewe bila shaka, sauti ya mtu aliyeamka usiku mara nyingi, "Tabibu, usitukasirikie. Jino tumelisema ili tupokewe. Shida yetu ni kimio," kumbe siko peke yangu kwa visingizio, chumba kizima cha meno leo hakuna hata jino moja la kweli, "Kimekatwa mara mbili," anasema mama yule, "na kinaota. Ugali haupiti, sasa hata uji unarudi," nami huku kwenye kiti miguu ikanifa ganzi ambayo hakuna aliyeichoma, "Nani alikata?" kauliza, na hakuuliza kwa ukali, nilikuwa nangoja ukali, sisi wenye kukatwa vimio tunaijua sauti ile ya hospitalini, nyie watu, nyie watu mna akili gani, hakuna, kauliza tu kama mtu anayeuliza umepita njia ipi, "Yule wa mpakani," "Haya. Data, fungua mdomo, niruhusu nitazame," chuma kinagonga meno, au fizi, "Zaidi kidogo... ego, hivyo hivyo, asante," nikajikuta nami nimeufungua wangu mpaka taya likaniuma upande ule ulio hai, "Mama, njoo utazame na wewe. Unaona hapa nyuma? Kimio hakipo. Kilikatwa chote. Hakijaota, hakiwezi kuota, hapa hakuna kitu cha kukata tena," na mama yule akasema polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, "Sasa kinachozuia ugali ni nini?" na Tabibu Generoza akajibu, "Sijui."

Sijui, kasema sijui, nimesikia vizuri, masikio hayajachomwa ganzi, na dari haikuanguka, na mzee hakuinuka akaondoka, "Sijui, mama. Kioo changu kinaishia hapa kooni. Kinachozuia kiko chini zaidi, nisikofika mimi. Hospitali ya rufaa wana mpira mwembamba wenye kamera, unashushwa kwenye njia ya chakula, wanaona kwa macho na kuchukua kinyama kidogo cha kupima," "Ni kansa?" mama yule ndiye aliyelitamka, lile jina, mbele ya mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anataja kijiji, na mimi ninayejidai mkali wa mdomo stendi nzima sijapata kulitamka hata chooni, "Inaweza kuwa. Inaweza isiwe, wengine ni kidonda, wengine njia imesinyaa kwa kovu. Ninachojua ni kwamba mtu ambaye chakula kinamkwama wiki mbili, tatu, hakai nyumbani kungoja," wiki mbili, kasema, wiki mbili, tatu, tangu mfungo mpaka leo ni wiki ngapi Siti, wewe unayejua kuhesabu andazi lililopungua kwenye sinia... "Na huu mdomo wa data, nani anausafisha?" "Anasukutua maji," "Meno yaliyobaki yana ukoga mwingi, na fizi zinatoa damu hata nikizigusa kwa pamba," "Basi ni meno ndiyo yamemletea?" na nikasema moyoni haya, sasa atasema ndiyo, kila mganga hapo husema ndiyo, anapata la kukulaumia, lakini akavuta kigoda, nilikisikia kikiburuzwa, akakaa, "Siwezi kukuambia hivyo, nitakuwa nakudanganya. Waliochunguza wagonjwa wa saratani ya umio huku kwetu Afrika Mashariki walikuta wengi wao vinywa havisafishwi, fizi mbovu, meno yameng'oka, kuliko watu wasioumwa. Vinakutwa pamoja. Kama kimoja ndicho kinachokileta kingine, bado wanachunguza, wapo wanaofikiri ni vijidudu vya fizi tunavyovimeza kila siku. Na vipo vingine, tumbaku, pombe, chai na uji wa moto kupita kiasi. Lakini kuusafisha mdomo hakujamdhuru mtu, basi sisi tunaanza na tunachokiweza," na hapo kwenye chai ya moto masikio yangu yakawaka, chai yangu! chai isiyopulizwa, miaka thelathini nawacheka wanaopuliza, we kijana una koo la kitoto, nawaambia, na wao kwa kuona haya wanaimeza, ya Rabi, ni makoo mangapi, na Mwanaheri anageuza glasi juu chini, na fizi zake kwenye majivu, vinakutwa pamoja, kasema, vinakutwa pamoja, na sisi tulikuwa navyo vyote nyumba moja tukaviita mashindano na karafuu.

Lakini hakusema ndicho chanzo, hakusema ndicho, mbona hilo ndilo linaloniliza zaidi, angesema ningemchukia nikapata nafuu, yeye kaweka analolijua hapa na asilolijua pale, kama mtu anayechambua mchele, punje huku chuya huku, hachanganyi ili ajaze ungo, mimi maishani nimewajua watu wengi wenye majibu, mashehe, wapiga bao, yule bwana wa mpakani na siku zake saba, mimi mwenyewe nikiwa kwenye kaunta, na wote tulikuwa tunaogopa neno hilo moja dogo, tukidhani mtu akilisema heshima yake imekwisha, na kumbe kwake heshima inaanzia hapo, maana aliposema sijui nikayaamini yote mengine aliyosema, hata wiki mbili nikaziamini, binti wa shamba la maharage Nyakitonto, umri wa mwanangu wa mwisho kama ningekuwa naye, amejifunza wapi ujasiri huu... na sasa mama yule analia, si kwa sauti, ni ile pumzi ya kukatika, "Ni mimi niliyempeleka, tabibu. Mara zote mbili. Yeye alikataa, nikamlazimisha. Kichwa nilimshika mimi," na mikono yangu ikashika mikono ya kiti, kwa nini anasema maneno yangu mwanamke huyu, nani kampa, miaka saba nimeyaficha hata kwa Ridhiwani, na mzee Tharsisi anasema, "Nyamaza, nyamaza," na Tabibu Generoza anasema, "Mama, ulimpeleka ulikokujua. Ungemwacha alale njaa ukamtazama, hapo ningekulaumu. Hukumkata wewe, ulimshika ili asiogope. Leo mmeijua njia nyingine, mmeishika leo hii hii, hilo ndilo la kwenu," na mimi hapa machozi yananitoka, nimelala chali kwa hiyo hayashuki mashavuni, yanaingia masikioni, ya moto, yanaziba, na huku nataka kusikia, Mwanaheri, ulimsikia, kasema nilikushika ili usiogope, na kweli, wallahi, nilikuwa nakwambia kaza mkono wangu, na ulikuwa unaukaza mpaka pete yangu ikaacha alama, hukunichukia, ulikuwa unaukaza, mbona hilo nilikuwa nimelisahau, miaka saba nakumbuka beseni tu.

Maji yanamiminwa, "Sukutua, data. Teme. Tena," anamsafisha mwenyewe, nasikia brashi inavyokwenda, polepole, kidogo kidogo, na mdomo wa mtu asiyemeza miezi naujua unavyonuka, nilikuwa namgeuzia Mwanaheri uso nikijifanya natafuta mto, huyu hageuzi, anaongea naye huku anampiga mswaki, "Hivi, unaona mama, unaanzia kwenye fizi unashuka, usiku kabla ya kulala na asubuhi, brashi laini, kama hakuna ni mti, uutafune ulainike," na mzee anacheka, sikutegemea, anacheka na povu mdomoni, "Mwana wanje, mimi mtu wa kufa unanipiga mswaki," na yeye anamjibu, "Wa kufa ni wote, data, wewe leo ni wa kwenda Mwanza ukiwa na mdomo msafi," na anachana karatasi, anaandika rufaa, na anaisoma kwa sauti, neno kwa neno, ili wajue karatasi inasema nini juu yao, mimi nimebeba karatasi za hospitali maishani kama bahasha za mtu mwingine, sijapata kusomewa hata moja, na anawaambia atapiga simu kwanza wasiende kuulizana getini, na makofi tena, ya kuagana, na safari hii mama yule naye anapiga, mikono mitatu, minne, sijui... na mimi natazama dari, pale pale, kiti kile kile, taa ile ile, jino liko mahali pake linadunda kwa mbali kama ngoma ya harusi ya mtaa wa pili, na mdomo bado si wangu, hakuna kilichobadilika, ila Jumamosi imeondoka, naitafuta siioni, nilikuwa nimeishika hivi kama tiketi na sasa mkono mtupu, na kilichobaki ni hofu yenyewe, imevuliwa nguo, sijui ni nini, sijui, hebu lijaribu Siti, sijui, sijui kama ni lile la Mwanaheri, sijui kama ni kovu la chai, sijui kama nitacheza harusi ya mtu mwaka ujao, na halijanikaba, ajabu, neno lenyewe limepita kooni vizuri kuliko uji... viatu vyake, huyo anakuja, pazia linavutwa, anapanda kibao chake, uso wake mdogo unaingia kwenye taa, amechoka, sikuwa nimeona kuwa naye anachoka, chini ya macho pameingia kivuli, na bado anatabasamu kwa ajili yangu, anavaa glavu mpya, ananigonga mdomo kwa kidole, "Unasikia, mama?" hapana, sisikii, "Mbona unalia? Inauma?" hapana, haiumi, "Basi tumalizie, ni sekunde chache tu," anageuka, pamba ameshaiandaa, vipande viwili vyeupe, kinene kimoja chembamba kimoja, koleo liko mkononi, linakuja, na nikifungua mdomo sasa kwa ajili ya koleo sitaufungua tena kwa jambo lingine, najijua, gari la Kibondo linaondoka saa nane, basi nikaushika mkono wake ule mwembamba, glavu na koleo vyote kwa pamoja, akasimama, hakuuvuta, angeweza kuuvuta, akaniacha niushike, nikaushusha taratibu mpaka kifuani, katikati, chini kidogo ya shingo, nikaubana pale, na kwa mdomo huu mzito unaovuja mate nusu, nikamwambia, hapa, mwanangu, hapa ndipo chakula kinaposimama, nilikudanganya.